Kabla hujaanza tiba ya mazungumzo Mwanza: jiandae kwa vikao sita

Watu wengi wanaokwenda kwa mwanasaikolojia kwa mara ya kwanza hujiandaa kwa siku moja. Wanatafuta nauli ya siku hiyo, wanaomba ruhusa kazini ya siku hiyo, wanajikaza kumaliza yote siku hiyo, kisha hawarudi tena. Kikao cha kwanza peke yake hakitibu. Sehemu yake kubwa ni maswali na maelezo, na nafuu kwa kawaida huanza kuonekana baada ya vikao kadhaa. Kwa hiyo, kabla hujapiga simu kuomba miadi, piga hesabu ya vikao sita: fedha yake, muda wake, na utafikaje mara sita.

Tuseme kikao ni shilingi 40,000 na nauli ya kwenda na kurudi ni 3,000. Vikao sita ni shilingi 258,000, na hapo hujaweka chakula wala mauzo unayoyakosa ukifunga genge. Bei hutofautiana sana, kwa hiyo uliza kwenye simu: kikao ni kiasi gani, cha kwanza kina bei tofauti, kufungua faili ni shilingi ngapi, na nisipofika natozwa? Ukiwa na bima, uliza mambo mawili kwa kuyatenganisha, yaani kumwona daktari na vikao vya mazungumzo. Bima inaweza kulipia kimoja isilipie kingine, na wengi huligundua hilo wakiwa dirishani. Uliza pia kama unahitaji barua ya rufaa kutoka kituo cha afya cha karibu nawe. Hesabu ikikushinda, sema mapema. Kikao kila baada ya wiki mbili, au kuanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya umma, ni bora kuliko kwenda wiki mbili mfululizo kisha kupotea.

Halafu ujue unakwenda kwa nani. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili anaweza kukuandikia dawa na kukulaza. Mwanasaikolojia tiba hupima na kutibu kwa mazungumzo, haandiki dawa. Mshauri nasaha na afisa ustawi wa jamii husaidia zaidi kwenye msiba, migogoro ya ndoa, ukatili wa nyumbani na kuishi na VVU. Mwanza wengi huelekezwa Bugando, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda, au Sekou Toure, ambayo ni ya mkoa. Zipo pia kliniki binafsi. Huko usione haya kuuliza mtaalamu amesomea nini na amesajiliwa wapi. Anayekasirishwa na swali hilo, mwache.

Ratiba ndiyo inayowaangusha watu wa ziwani kuliko kitu kingine. Vitabu vya tiba vinasema kikao kimoja kila wiki, siku ileile, saa ileile. Mvuvi wa dagaa hana wiki ya namna hiyo. Siku za giza, mwezi usipoonekana, yuko majini na taa usiku kucha, mbalamwezi ikiwaka ndipo anapumzika. Kama hiyo ndiyo kazi yako, mwambie mtaalamu siku ya kwanza, mpange vikao viwili au vitatu kwenye siku za mbalamwezi na simu fupi moja kipindi cha giza. Mwambie pia kwamba unalala mchana, maana asipojua hilo ataandika kwamba una tatizo la usingizi ambalo huna, au atakupa zoezi la kulala saa nne usiku wakati ndio kwanza unatega. Anayefanya kazi kwa shifti kwenye kiwanda cha samaki au kwenye migodi ya Geita aje na rosta yake. Anayetoka Ukerewe aangalie kwanza siku na saa za meli kisha ndipo aombe miadi. Wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hana tena habari ya kusubiri kivuko.

Kuhusu simu, kuwa mwangalifu. Kliniki nyingi hupiga au hutuma ujumbe kukumbusha miadi. Kama simu mnaitumia wawili nyumbani, au mtoto ndiye anayekusomea ujumbe, toa namba nyingine au sema wasikutumie chochote. Malipo ya simu nayo huacha alama: ujumbe wa muamala huonyesha jina la aliyepokea. Asiyetaka ijulikane alipe taslimu na achukue risiti.

Siku mbili au tatu kabla, andika nusu ukurasa. Andika kinachokusumbua kwa maneno unayoyatumia nyumbani: moyo kwenda mbio, kichwa kuwaka moto, mwili kuchoka bila kazi, mawazo hayaishi. Huna haja ya kutafuta jina la ugonjwa. Andika kilianza lini, na nini kilikuwa kinatokea wakati huo. Andika unalala saa ngapi, unaamka mara ngapi, unakula nini kwa siku. Kisha andika vyote unavyoingiza mwilini, hasa hivi ambavyo watu huficha: bia ngapi kwa wiki, gongo, bangi, mirungi, dawa za usingizi za kununua dukani, mizizi na unga wa mganga. Dawa za hospitali beba na pakiti zake. Orodha hii haiombwi ili uhukumiwe. Pombe inayokupa usingizi ndiyo hiyohiyo inayokuamsha saa tisa usiku. Baadhi ya dawa za kufubaza VVU zinaweza kuvuruga usingizi na kuleta ndoto nzito. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo humfanya mtu achoke na akose hamu akaonekana ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ndiyo maana unaweza kuombwa vipimo vya damu kabla ya lolote. Ukishaandika, karatasi ikae mahali salama, au uandike kwa vifupisho unavyovielewa wewe tu.

Siku yenyewe fika nusu saa kabla. Kuna kufungua faili, kupimwa presha na uzito, na mara nyingi dodoso. Linalotumika sana lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita. Swali la kwanza huuliza ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, na unachagua kati ya hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 mtaalamu huangalia kwa makini zaidi kama kuna sonona.

Hapa ndipo adabu yetu inapotuponza. Tumezoea kuulizwa hali tukajibu nzuri, tunamshukuru Mungu, hata kama usiku kucha hatukufumba jicho. Mtu anaulizwa unalalaje, anasema vizuri tu. Unakula? Nakula. Anatoka na alama 4 na maelekezo ya kupumzika, wakati anastahili tiba kamili. Kosa la pili ni kujibu kwa hali ya siku hiyo badala ya wiki mbili nzima. Swali la 9 huuliza kama umewaza kwamba heri ufe au ujidhuru. Lijibu kweli. Kuwaza hivyo si kosa la jinai, na kukiri hakumaanishi utalazwa hapohapo. Utaulizwa zaidi: umepanga namna, una kitu cha kutumia, nani yuko karibu nawe. Kama husomi vizuri au lugha ya karatasi ni ngumu, omba usomewe faraghani. Mtu wa Kisukuma au Kikerewe anayejieleza vizuri zaidi kwa lugha yake aombe mhudumu anayeijua. Mtoto wako asiwe mkalimani. Kuna mambo hutayasema mbele yake, na mengine yeye hapaswi kuyabeba.

Kikao chenyewe huwa kati ya dakika 45 na 60, cha kwanza kinaweza kufika 90. Utaulizwa utoto wako, wazazi, ndoa, watoto, kazi, misiba, magonjwa, kama kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kuugua akili. Wengine hukwazika hapa: nimekuja na tatizo la usingizi, baba yangu anahusikaje? Anahusika kwa kuwa mtaalamu anatafuta kilichotangulia, kilichochochea, na kinacholifanya tatizo lisiondoke. Una haki ya kusema, hilo sijawa tayari kulizungumza. Hutakosewa adabu kwa hilo. Usitarajie nasaha za mzee wa ukoo kwamba fanya hivi, acha vile. Ila kabla hujanyanyuka, uliza: unaonaje tatizo langu, tutatumia njia gani, vikao vingapi, na tutajuaje kwamba inasaidia? Usikubali kutoka bila majibu ya maswali hayo, hata kama ni ya awali.

Siri ni haki yako, na ina mipaka ambayo unapaswa kuambiwa mwanzoni. Kama maisha yako au ya mwingine yako hatarini, kama mtoto anafanyiwa ukatili, au mahakama ikiagiza, mtaalamu anaweza kulazimika kuzungumza na wengine. Asipoieleza mipaka hiyo, muulize. Kwa ndugu waliokusindikiza, mama au shangazi, ni vizuri wakasikilizwa kwa dakika chache ukiridhia, kisha uonwe peke yako. Mwanza si kubwa kiasi hicho: unaweza kumkuta mtaalamu wako Mwaloni Kirumba akichagua sangara, au mkawa mnasali pamoja. Kubalianeni mapema kama mtasalimiana au mtapitana.

Ukipewa dawa za sonona, ujue maudhi hutangulia nafuu. Kichefuchefu, mdomo kukauka au usingizi kuvurugika vinaweza kuja siku za mwanzo, ilhali nafuu huchukua wiki 2 hadi 4, mara nyingine zaidi. Wanaoacha huacha katika wiki hizo, au huacha ghafla wakishapata nafuu na tatizo likarudi. Maombi na tiba ya asili havikuzuii kuja kliniki, vitaje tu. Unapofunga, iwe Ramadhani au mfungo wa kanisani, uliza kwanza saa za kumeza dawa, maana zipo dawa za akili ambazo huwa hatari mwili ukikosa maji. Akija mtu kukuambia utupe dawa ili imani yako ionekane, usimsikilize.

Baada ya kikao unaweza kuchoka sana, hata kujisikia vibaya kuliko ulivyoingia, kwa siku moja au mbili. Usipange kikao asubuhi na kikao cha ukoo jioni. Wanaotibiwa kwa simu au video wana shida yao nyingine: nyumba nyingi za kupanga zina dari moja, na sauti yako inasikika chumba cha tatu. Spika za masikioni huficha sauti ya mtaalamu tu. Tafuta gari lililoegeshwa, ofisi wakati wa mchana, au sehemu tulivu ufukweni, na mkubaliane kwamba mtandao ukikatika nani ampigie mwenzake.

Yapo mambo ambayo hayasubiri miadi. Mtu mwenye mpango wa kujiua, anayesikia sauti zinazomwamuru, aliyekaa siku kadhaa bila kulala huku ana nguvu zisizo za kawaida, au mama aliyejifungua karibuni anayeongea mambo yasiyoeleweka, apelekwe idara ya dharura leo, usiku huu, asiachwe peke yake njiani. Nyumba za wakulima wa pamba huwa na viuatilifu uvunguni au darini; vitoeni nyumbani mkamwachie jirani au mvifungie na ufunguo akae nao mwingine. Tunalisisitiza hili kuliko yote, kwa sababu hali ya kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka, na mtu asipoipata sumu katika saa ile huwa na nafasi kubwa ya kupona. Kwa mtoto aliye hatarini, namba 116 hupigwa bure.

Kikao cha sita kiwe cha kupima. Jazeni tena dodoso lile lile, mlinganishe alama, na mseme wazi kipi kimebadilika: usingizi, kazi, ugomvi wa nyumbani. Alama zisiposhuka, mtaalamu abadilishe njia au akupeleke kwa mwingine, na asinung'unike ukiomba hilo. Mtaalamu anayekutongoza, anayekutaka kimapenzi, anayetoboa siri zako, anayekuuzia virutubisho au anayetaka malipo bila risiti, acha kwenda kwake na umshtaki kwa mkuu wa kituo. Kama umechoka tu au hamwelewani, nenda kikao kimoja zaidi umwambie, kisha omba muhtasari wa maandishi wa tiba yako ili atakayekupokea asianze upya.