Kibali cha redio kwa rubani wa Marekani anayevuka mpaka

Wadogo zangu wanaomalizia mafunzo ya urubani hapa Florida huniuliza sana kuhusu safari ya Bahamas: mafuta ya kiasi gani, jaketi za kuokolea, fomu za forodha. Swali la redio haliulizwi. Nadhani ni kwa sababu Bimini iko karibu mno, ng'ambo tu ya mkondo wa bahari kutoka Miami, na mtu hahisi kama anatoka nchini. Lakini anatoka, na sheria ya redio hubadilika papo hapo.

Ndani ya Marekani, rubani anayetumia redio ya kawaida ya VHF, ile ya kuongea na waongoza ndege, hahitaji kibali chochote cha redio. Ndivyo ilivyo tangu sheria ya mawasiliano ya 1996 ilipofungua mlango huo, na ndiyo maana walimu wengi wa urubani hawakigusii kabisa. Ukivuka mpaka unaingia chini ya Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga. Ibara ya 29 inataka ndege iwe na leseni ya redio iliyofungwa ndani yake, na ibara ya 30 inataka anayeitumia redio hiyo juu ya nchi ya watu awe na kibali chake mwenyewe, kilichotolewa na nchi ilikosajiliwa ndege. Kwa ndege yenye namba inayoanza na N, yaani iliyosajiliwa Marekani, mtoaji wa vyote viwili ni FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani waliokupa leseni ya urubani, hawahusiki hapa.

Kwa hiyo karatasi ni mbili, moja ya mtu na moja ya ndege. Shika hilo kwanza, maana wengi wakipata moja hudhani wamemaliza.

Tuanze na ya mtu. Hakuna mtihani. Mwingereza anayetaka leseni ya namna hii hukaa kwenye mtihani wa maandishi kisha wa vitendo. Wewe unathibitisha tu kwamba unaweza kusema na kusikia, unaweza kuandika japo kumbukumbu za kawaida za mawasiliano, na unazijua sheria za redio utakayotumia. Kibali hakiishi muda, ni cha maisha. Ada ni dola 35.

Kinachotukwamisha sisi wageni ni uhamiaji. Kibali chenyewe kina sura mbili. Chenye alama RR ni cha raia na wenye haki ya kuajiriwa Marekani, kwa mfano mwenye grini kadi. Kama huna haki hiyo, tuseme umekuja kwa viza ya mwanafunzi, chako ni RL, chenye matumizi yenye mipaka, na sharti uwe na leseni ya urubani inayotambulika Marekani au leseni ya kituo cha redio ya FCC kwa jina lako. Usijaze RR kwa sababu rafiki yako alijaza RR. Ile fomu unaisaini ukithibitisha hali yako, na kuthibitisha uongo mbele ya serikali ya watu ukiwa na faili la uhamiaji ambalo bado liko wazi ni kujitafutia balaa kwa dola 35.

Sasa kazi yenyewe. Fungua akaunti kwenye mfumo wa FCC unaoitwa CORES, ujisajili kama mtu binafsi, upewe FRN. Hiyo ni namba yenye tarakimu kumi na ndiyo kitambulisho chako kwao siku zote, kwa hiyo iandike mahali. Ukishaipata, ingia nayo kwenye ULS, mfumo wa leseni, uchague kuomba leseni mpya, kisha kwenye orodha ndefu ya huduma utafute RR au RL.

Kwenye jina, simama kidogo. Sisi majina yetu ni matatu na kila ofisi huyapanga inavyotaka: pasipoti inayaandika yote, leseni ya gari inameza la katikati, benki inageuza jina la babu kuwa la ukoo. Toa leseni yako ya urubani mfukoni, iweke juu ya kibodi, nakili jina herufi kwa herufi kama lilivyo pale. Mkaguzi wa uwanjani huko uendako ataishika leseni hiyo na kibali cha redio pamoja, na asipoona jina moja ataanza maswali wakati abiria wako wanaungua jua.

Anwani unayojaza huonekana hadharani, yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni. Mimi natumia sanduku la posta, na dada zangu hasa nawashauri hivyohivyo. Barua pepe ni lazima, na iwe ile unayoifungua kila siku. Yafuatayo ni maswali mepesi: kama umesamehewa ada (hapana), kama unaambatisha nyaraka, kama umewahi kupatikana na hatia ya kosa kubwa la jinai. Unasaini kwa kuchapa jina lako.

Usifunge ukurasa hapo. Maombi yasiyolipiwa ndani ya siku 10 hutupwa, na mfumo hautakubembeleza. Lipa kwa kadi palepale. Zipo pia kampuni binafsi zitakazokujazia fomu hii kwa malipo yao juu ya ada. Kama umeweza kusoma ramani ya anga ya Miami, huzihitaji.

Kibali kikitoka hakiji kwa posta. Unaingia tena kwenye akaunti yako ya ULS na kupakua nakala rasmi. Angalia vizuri hapa: ukikitafuta kibali chako kupitia ukurasa wa umma wa utafutaji, utapata karatasi inayofanana sana na rasmi lakini imeandikwa kwamba ni nakala ya marejeo tu. Hiyo usiiprinti. Iliyo rasmi iprinti mbili, moja ikae na leseni yako, nyingine kwenye begi la ndege.

Ya ndege huombwa humohumo kwenye ULS, ila mwombaji ni mwenye ndege au anayeiendesha, na inadumu miaka 10. Ukikodi ndege ya klabu au ya shule, omba uione leseni ya redio kabla hujalipa, na usome tarehe ya mwisho. Ndege ambayo haijawahi kutoka nje ya Florida huenda haina kabisa, na mwenye nayo hana kosa lolote, hakuwa akiihitaji. Kumwambia asubuhi ya safari ni kumwonea.

Ukija kubadili jina, kwa ndoa au kwa uraia, anza kwa FAA upate leseni mpya ya urubani, halafu ndipo uwapelekee FCC jina hilohilo.