Kabla hujawasha kemostati, malizana na haya kwanza

Kuna mdogo wetu mmoja hapa lab alikuja na flaski yake na pampu ya kuazima, anataka kuendesha kemostati wiki 3 apate hamira inayostahimili joto, nikamuuliza usiku italala na nani, akacheka akadhani namtania. Siku ya nne mpira wa pampu ulipasuka saa nane usiku, asubuhi tumekuta kisima mezani.

Kwa asiyeijua, kemostati ni chombo unachoingiza chakula kipya tone kwa tone upande huu, na upande wa pili mchuzi wenye vijidudu unatoka kwa kasi ileile, kwahiyo havifiki mahali vikamaliza chakula vikalala kama kwenye flaski ya kawaida. Wazo ni la mwaka 1950, la watafiti Monod kule Ufaransa na Novick na Szilard kule Chicago, kila upande kivyake.

Sasa vizazi vikipita hamira hubadilika, wengine wanabaki wengine wanaondoka, kwahiyo kabla ya mipira na pampu jiulize unachagua nini hasa, maana wengi hapa ndo wanapopotea. Kemostati haichagui unachokitaka wewe, inachagua asiyesombwa. Ukibana glukosi watakaoshinda ni wale wanaoidaka glukosi haraka, na hamira iliyokaa muda mrefu kwenye glukosi kiduchu imeshaonekana ikijiongezea nakala za jeni za milango ya kuingizia sukari. Yani yule dogo angeweza kumaliza wiki 3 akatoka na hamira mlafi badala ya hamira ya joto. Kama shida yako ni kasi ya kukua kwenye joto fulani, afadhali tabidostati, ile yenye jicho la mwanga linaloangalia mchuzi ukiwa mzito ndo inafungulia chakula, hapo hakuna njaa, anayekua haraka ndo anabaki.

Hesabu zifanye kwenye karatasi, usiziache kichwani. Mtiririko gawanya kwa ujazo: ml 40 kwa saa kwenye chombo chenye ml 200 ni 0.2 kwa saa, hiyo ndo kasi ya kuzimua, na mambo yakishatulia hamira nayo inakua kwa kasi hiyohiyo. Chukua 0.693 (logi asilia ya 2, maana kizazi kimoja ni hamira kuongezeka mara mbili) gawanya kwa 0.2 unapata kama saa 3 na nusu kwa kila kizazi. Ukizidisha kasi ukapita uwezo wake inasombwa yote, unakuta maji ya sukari. Na hamira ya mkate ina vituko vyake, ukikaribia 0.3 inaanza kutoa pombe hata kama hewa imejaa, ukalinganisha data ya chini ya hapo na ya juu yake unajidanganya. Alafu usianze kupima siku ileile, subiri ujazo wa chombo upite angalau mara 3 mpaka 5.

Hesabu hiyohiyo inakwambia unahitaji karibu lita 1 ya chakula kwa siku, wiki 3 ni lita 20, je una madumu ya kuingia kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa presha? Dumu la lita 10 ukiliweka dakika 20 kama chupa ndogo, katikati halijafika hata joto lenyewe, lipe saa nzima au zaidi. Glukosi ichemshie pembeni uje uichanganye baadaye, ukiipika pamoja na vingine inageuka rangi ya chai.

Pampu ipime kwa silinda na saa, ikiwa imeunganishwa kama itakavyofanya kazi, usiamini namba iliyoandikwa kwenye kioo chake. Mpira uwe na wa akiba, na kila baada ya siku chache usogeze kidogo ili pampu isikamue sehemu moja. Kwenye njia ya chakula weka kidondosha-tone, yani sehemu ambayo chakula kinadondoka hewani kabla ya kuingia, la sivyo vijidudu vinapanda juu kwenye mpira taratibu mpaka dumu la chakula kizima. Umeme nao, pampu na hewa ziwe kwenye betri moja, pampu ikiendelea hewa ikiwa imezima ni balaa.

Ila adui mkubwa ni ukuta. Kinachonata kwenye kioo hakisombwi, kwahiyo mashine yako kuanzia siku ya kwanza inawazawadia wanaonata, na kwenye tabidostati wakifunika lile jicho linadhani mchuzi mzito, linafungulia chakula bila kukoma, walioko majini wanaondoka wanabaki walewale. Hamira nayo hujifunza kushikana madonge ikazama chini ya mdomo wa kutokea. Hata wakubwa yanawakuta: wale wanaotengeneza Quorn, ile nyama mbadala ya kuvu, kule Uingereza, kuvu wao Fusarium venenatum akikaa sana kwenye mtambo hujitokeza aina yenye matawi mengi, nyuzi fupi, nyama inaharibika muundo, inabidi wazime waanze upya. Kwahiyo andaa chombo cha pili kisafi, panga siku za kuhamisha, na uangalie darubini kila siku, bakteria ndani ya hamira utawaona fasta.

Kila siku chukua sampuli, changanya na gliseroli (inazikinga seli zisife kwa baridi), tia friza ya nyuzi -80 na uandike tarehe vizuri. Hiyo ndo bima yako, mpira ukipasuka siku ya 15 unarudi siku ya 14, sio sifuri.

Na dumu la taka jamani. Lita 20 zinazoingia ndo hizohizo zinatoka, na lazima uziue kwa jiki au otoklevu kabla ya kumwaga. Liwe kubwa kuliko unavyodhani na liwekwe ndani ya beseni, mimi nimeshapiga deki lab alfajiri nanuka hamira kama niko bekari.