Bariera imefungwa: namna ya kuiombea njia ya porini ibaki wazi kwa pikipiki na magari ya jipu

Kila mwaka mvua zikikatika, simu yangu inaanza kulia. «Yaya, tumefika pale kwenye dembo, lile bonde linalojaa maji mvua zikinyesha, kuna gogo limelazwa njiani na mlinzi anasema hapiti mtu.» Anayepiga ni kijana wa pikipiki, au baba mwenye jipu aliyechukua familia kwenda kuoga mtoni siku ya Jumapili. Mimi ni fundi wa pikipiki, garaji yangu iko Katuba, na kwa miaka sita sasa ndiye ninayeandika barua za kikundi chetu cha waendeshaji wa porini hapa Lubumbashi, Kongo. Barua tatu hazikufanikiwa, mbili zimekubaliwa. Ninayoyaandika hapa nimeyatoa zaidi katika zile tatu.

Tuelewane kwanza: hatuombi kupita popote tunapotaka. Tunaomba njia moja, yenye mwanzo na mwisho. Anayeomba pori lote hapewi hata kichochoro.

Hatua ya 1: Jua mlango ni wa nani

Kisheria jibu ni fupi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake. Lakini Serikali ina milango mingi, na kila mlango una muhuri wake. Barabara ya taifa, kama ile ya kwenda Likasi, iko mikononi mwa Office des Routes, ofisi ya Serikali ya barabara. Vijia vya mashamba vinavyounganisha vijiji vina idara yake, ingawa kwa kawaida chefu, yaani mkuu wa kijadi wa eneo, anavijua kuliko ofisi yoyote. Kundelungu, hifadhi ya taifa tangu 1970, na Upemba, tangu 1939, ziko chini ya ICCN, taasisi ya Serikali ya hifadhi. Huko huingii na chombo bila ruhusa, na barua yako haitageuza hilo. Unachoweza kuzungumza nao ni njia ipi, miezi gani, kwa masharti gani. Nimeona watu wanaotaka kwenda kutazama maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300, wakipoteza miezi kumwandikia gavana kitu ambacho walipaswa kuwaandikia wahifadhi.

Mlango mgumu kuliko yote kwetu Haut-Katanga ni ule wa migodi. Njia uliyoizoea miaka kumi, unaamka siku moja iko ndani ya uzio. Kabla ya kupiga kelele, tazama ramani ya Cadastre Minier, ofisi ya vibali vya migodi tunayoiita CAMI; inaonyesha mipaka ya vibali. Andika namba ya kibali na aina yake, maana kibali cha kutafuta madini na kile cha kuyachimba havina uzito mmoja. Na usiombe kupita katikati ya machimbo, kuna malori makubwa na baruti. Omba njia ya kuzunguka.

Hatua ya 2: Pima njia mara mbili, kiangazi na Januari

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanaruka.

Pakua OsmAnd au programu nyingine ya ramani inayotumika bila mtandao, washa rekodi ya safari, upite njia yote polepole. Penye jambo simama, weka alama: kivuko, daraja la magogo, shamba, kisima, kichuguu. Usidharau vichuguu. Huku kwetu vingine vinapita nyumba kwa urefu, na ukimwambia mlinzi «pale kwenye kichuguu chenye mwembe» anakuelewa haraka kuliko ukimsomea namba za GPS.

Januari rudi, lakini kwa miguu. Ukirudi na pikipiki utakuwa unaharibu kile unachokwenda kupima. Kuna dembo moja ninalolijua vizuri. Kiangazi njia inayolikata ina upana wa hatua nne. Januari ile nilihesabu hatua ishirini na tatu kutoka mfereji wa kwanza wa gurudumu mpaka wa mwisho. Nilichomeka mpini wa jembe katika mfereji wa katikati, nikakata alama kwa kisu mahali maji yalipofika: sentimita 46. Udongo wa pale ni mfinyanzi mweusi. Gari la kwanza linachora mifereji miwili. Maji, badala ya kutawanyika kwenye majani, yanafuata mifereji hiyo. Gari la pili linaogopa kuzama, linapita pembeni; la tatu linapita pembeni ya pembeni. Kufika mwezi wa pili una njia tano na hakuna hata moja inayopitika. Mama mwenye shamba la jirani alinionyesha mahali alipokuwa amepanda viazi vitamu. Alama niliyoiona pale ilikuwa ya tairi la lori. Nilitaka kumwambia, nikanyamaza. Kwake yeye sote ni «watu wa mamashini».

Picha za uharibifu huo zitie katika barua yako mwenyewe, hata kama zinauma. Ukizificha, atakayezileta mezani ni yule asiyekutaka. Ila kamera uichunge: penye askari, penye bariera, penye mgodi, simu ikae mfukoni. Picha moja ya mahali pasipostahili inaweza kukulaza ndani.

Hatua ya 3: Tafuta wanaoishi kwa njia hiyo

Barua yangu ya kwanza ilitiwa sahihi na watu kumi na wanne, wote wenye pikipiki za kujifurahisha, wote wa mjini. Afisa aliisoma, akaniuliza: «Sasa mimi nifungue njia ili ninyi mucheze?» Sikuwa na jibu.

Ya nne niliianzia kwa watu wa baiskeli za makala, yaani mkaa. Unawajua: saa kumi ya alfajiri wako njiani, magunia yamepanda juu ya kichwa, wanasukuma kuelekea mjini. Njia ikifungwa, wao ndio wanaozunguka. Kuna pia mwenye pikipiki anayewapeleka wajawazito kwenye kituo cha afya, na wanaoleta mahindi sokoni. Hao wakitia sahihi, swali la mchezo haliulizwi tena. Lakini wasikilize pia, usikusanye vidole vyao tu. Mmoja aliniambia wazi kwamba anapenda njia ifungwe kwa magari, kwa sababu magari yanamsukuma porini na mzigo wake. Tukaandika katika barua: gari likikutana na baiskeli yenye mzigo, gari linasimama.

Kwa chefu uende mapema, wawili au watatu, msiende kundi. Acha kofia ya pikipiki mbali, inama, piga makofi ya heshima kama wenyeji wanavyofanya, ngoja uulizwe. Chukua sukari na sabuni, zawadi ya mgeni. Usianze na njia. Ukikaribishwa bukari, ugali wetu, kula. Mara nyingi hapo ndipo utaambiwa kwa nini bariera iliwekwa, na sababu hiyo haimo katika karatasi yoyote. Kwetu ilikuwa malori ya kubeba magogo ya mukula. Yaliharibu njia nyingi upande wa Kasenga, na ingawa tangu 2019 biashara ya kimataifa ya mti huo iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kijiji hakijasahau. Chombo chochote kinachonguruma usiku kinaonekana ni mwizi wa miti au wa nyama. Kumbe ombi letu lilihitaji neno moja tu ambalo hatukuwa nalo: mchana.

Hatua ya 4: Andika ombi linaloweza kujibiwa

Ofisi inafanya kazi kwa Kifaransa, kwa hiyo nakala ya ofisi iwe ya Kifaransa. Lakini iandike kwanza kwa Kiswahili, isomwe kijijini kwa sauti, watu waisahihishe, ndipo itafsiriwe. Hii ndiyo ile ya nne, nimetoa majina tu:

«Mheshimiwa, kwa haki tunayopewa na Kifungu cha 27 cha Katiba, sisi tuliotia sahihi hapa chini, wakaaji wa Lubumbashi na wa kijiji cha …, tunaomba njia ya kilomita 18 kutoka … mpaka … iachwe wazi kwa baiskeli, pikipiki na magari madogo, kuanzia tarehe 1 Juni mpaka tarehe 15 Oktoba, toka saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Baiskeli ziendelee kupita mwaka mzima. Malori hatuyaombei. Gari likikutana na baiskeli yenye mzigo, gari litasimama. Mvua ikianza kabla ya tarehe hiyo, njia ifungwe siku hiyo hiyo kwa neno la chefu. Sisi tutajaza mashimo mara mbili kwa mwaka kwa mikono yetu. Tumeambatanisha ramani, picha za Januari na picha za Julai.»

Basi. Ukurasa mmoja. Ile ya kwanza ilikuwa na kurasa sita, nilimtaja Mungu, mababu na utalii.

Huhitaji kuwa na chama kilichosajiliwa. Kupata hadhi ya chama kisicho cha faida chini ya sheria ya tarehe 20 Julai 2001 ni safari ndefu yenye gharama zake. Uifanye kama kikundi kimekomaa. Kwa ombi inatosha Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006: kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inajibu katika miezi mitatu. Kifungu hicho hicho kinasema hakuna anayeshtakiwa kwa kufanya hivyo. Kitaje katika mstari wa kwanza kabisa, kwa adabu. Na kwa kuwa kinasema «kila Mkongomani», marafiki zetu wageni wa migodini wenye majipu mazuri wasiongoze orodha ya sahihi. Waje siku ya kujaza mashimo.

Hatua ya 5: Muhuri kwenye nakala yako

Barua yangu ya pili niliiacha mapokezini kwa kijana mwenye heshima sana aliyeniambia «itafika, papa». Miezi mitano baadaye hakuna aliyeiona. Sikuwa na muhuri, kwa hiyo kwao sikuwahi kuandika.

Tangu hapo ninachapa nakala nne. Moja ya mhusika, moja ya chefu, moja ya msimamizi wa teritwari, yaani wilaya, na moja ninayorudi nayo nyumbani ikiwa na muhuri, tarehe na sahihi ya aliyepokea. Wakikuambia mwenye muhuri ametoka, kaa kwenye benchi. Nimekaa mpaka saa tisa na nusu. Ukiombwa pesa ya sukre, yaani kitu kidogo, ili muhuri upatikane, uliza risiti, kwa upole na tabasamu. Mara nyingi muhuri unaonekana. Tarehe hiyo ndiyo inayoanzisha miezi mitatu. Ikifika mwezi mmoja na nusu, peleka barua fupi ya kukumbusha, ukiambatanisha nakala yenye muhuri.

Hatua ya 6: Siku ya kuitwa

Muende watatu: mmoja wa mjini, mmoja wa kijiji, na mmoja wa baiskeli za makala. Anayesema kwanza awe wa kijiji.

Ninapojiandaa ninatumia maswali matatu niliyoyaokota mbali. Marekani, mwaka 1972, Rais Nixon alitoa amri kwamba ofisi zinazosimamia ardhi ya umma ziseme wazi wapi magari ya porini yanapita na wapi hayapiti, huku zikipunguza madhara kwa udongo, usumbufu kwa wanyama, na ugomvi na watumiaji wengine. Carter akaongeza mwaka 1977 kwamba penye uharibifu mkubwa pafungwe mara moja. Sheria yao si yetu, na usiitaje mbele ya afisa wetu, atakuuliza kama unatoka Marekani. Lakini udongo, wanyama, watu wengine: ukiwa na jibu la kila moja, hakuna swali litakalokushtua.

Jua pia utakachoachia kabla hujaingia. Sisi tuliachia miezi ya mvua, usiku, na bomba za moshi zenye kelele. Hatukuachia baiskeli za makala, hata pale afisa aliposema ulinzi ungekuwa rahisi zaidi zikipita kwingine.

Hatua ya 7: Ukishafunguliwa

Wikendi ya mwisho ya Mei na ya kwanza ya Oktoba ni salongo, kazi ya mikono ya pamoja. Majembe, mawe, magunia ya mchanga. Mfereji wa maji unachimbwa kukata njia kwa mshazari, ukiyatoa maji upande wa bonde, kila mahali penye mteremko; shimo lililojazwa bila mfereji linarudi mvua ya kwanza. Dembo msilijaze udongo, mtaziba maji. Panga magogo kwa upana wa gari moja, na kando zote mbili chomeka miti ili asiwepo wa kupita pembeni.

Mnunulieni mlinzi wa bariera daftari na kalamu. Safu nne: tarehe, aina ya chombo, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Mwenzenu akirudi baada ya saa 12 jioni, aandikwe saa ile ile aliyorudi, msimwombe mlinzi abadilishe saa. Mwaka jana tulikuwa na wawili kama hao. Mmoja tairi lilipasuka, mwingine alikuwa mlevi, na huyo tulimnyima safari mpaka Agosti.

Ruhusa yetu ni ya msimu mmoja mmoja, kwa hiyo ombi jipya ninalipeleka kabla Februari haijaisha, ili miezi mitatu iishe njia bado imefungwa na Juni isitukute kwenye benchi. Ninaambatanisha kurasa za daftari zile zile, pamoja na zile zinazoonyesha wale wawili walivyochelewa.