Ripoti moja, kila mteja na kiungo chake

Ripoti ya mwezi ukiituma kama kiambatisho cha PDF, huwezi kujua kama mteja ameifungua. Ipakie kwenye huduma ya mtandaoni ya kutuma hati kwa kiungo, kama DocSend, kisha mtengenezee kila mteja kiungo chake, hata kama faili ni ileile. Utaona kimefunguliwa lini na kila ukurasa umesomwa kwa muda gani. Akirudi mara tatu kwenye ukurasa wa gharama, ukimpigia anza na gharama. Zima ruhusa ya kupakua, maana akishaipakua humwoni tena. Akimtumia bosi wake kiungo hicho, usomaji wote utaonekana ni wa mteja. Dawa ni kudai kila msomaji aandike baruapepe yake kabla ya kufungua. Na mwambie mteja mapema kwamba usomaji unarekodiwa, ni haki yake kujua.