Seva ikiwa nzito, pima diski kabla hujanunua RAM

Wadau wa IT hapa Arusha, hasa mnaohudumia ofisi za utalii, msimu ukichanganya Julai na Agosti wimbo ni ule ule, "mfumo mzito leo", na bosi anataka RAM iongezwe. Nilishaiongeza ofisi moja Njiro, hela ya watu ikaenda na uzito ukabaki palepale, iliniuma sana, kumbe diski ndo ilikuwa imezidiwa.

Kama ni Linux weka sysstat (kifurushi cha zana za kupima mashine) alafu andika iostat -dxm 5, itakupa ripoti ya diski kila sekunde 5. Ripoti ya kwanza iruke, ile ni wastani tangu mashine iwashwe. Mimi naanza na r_await na w_await, yani ombi moja la kusoma au kuandika linasubiri milisekunde (ms) ngapi, maana hicho ndo anachokisikia dada wa buking akibonyeza kitufe cha kusevu huku mgeni yuko kwenye simu, MB kwa sekunde yeye hazimhusu. HDD, ile diski ya sahani zinazozunguka, ya 7200 rpm (mizunguko kwa dakika) inakula kama ms 4 kungoja tu sahani izunguke, kichwa chenyewe bado hakijasogea, kwahiyo ms 10 hadi 15 ni kawaida yake. SSD, isiyo na sahani, ikiwa haina hitilafu mara nyingi inacheza chini ya ms 1 au karibu na hapo. Ukikuta 60 au 80 na aqu-sz (wastani wa maombi yaliyo kwenye foleni) nayo inapanda, hiyo ni foleni. Ila %util (asilimia ya muda diski iko bize) ikiwa 100 kwenye SSD peke yake isikutishe, zile zinahudumia maombi mengi kwa mpigo.

Na usipime mara moja ukaondoka, tafadhali. Kwenye Ubuntu ingia /etc/default/sysstat, ENABLED iwe true, anzisha upya huduma ya sysstat, alafu kesho yake sar -1 -d inakuonyesha siku iliyopita kila dakika 10. Pale Njiro ndo tukaona inapanda saa 2 hadi saa 3 asubuhi tu, bakapu ya usiku ilikuwa inachelewa kuisha na watu washaingia kazini. Tukaianzisha mapema zaidi, kwisha.

Ukitaka kujua uwezo wote wa diski tumia fio, programu ya kuijaribu kwa kusoma na kuandika, weka direct=1 la sivyo unapima RAM, na nakuomba sana ilenge faili la majaribio, ukiielekeza /dev/sda, yani diski yenyewe, na kuandika umefuta data za watu.

Mwisho smartctl -a /dev/sda, inasoma afya ya diski, RAW_VALUE ya Current_Pending_Sector (sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma) ikizidi 0 hakikisha bakapu inafunguka leo leo, diski mpya utaitafuta kesho.