SOMO: Bawa la ndege ya rimoti lililonyooka, lisilo na msokoto (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu habari za jioni. Meseji ni ileile kila mara ila watu tofauti: "kaka ndege yangu inalalia kushoto, trimu (kitufe cha rimoti cha kunyoosha ndege) nimeisukuma mpaka mwisho bado". Nikiomba picha ya bawa iliyopigwa kutokea nyuma naona kabisa ukingo wa nyuma upande wa kulia umeshuka na wa kushoto umepanda, yani bawa limejisokota, upande wa kulia unabeba zaidi na ndege inalala kushoto. Hapo hata ununue rimoti ya bei gani haitasaidia. Sasa naandika mara moja kila ninachojua, atakayeniuliza tena namrudisha hapa.

Bawa ninaloelezea ni sm 140 ncha kwa ncha, upana sm 20 mwanzo mwisho, umbo la Clark Y (yani umbo unaloliona ukilikata bawa ukaliangalia kwa ubavu). Hilo umbo alilichora Mmarekani Virginius Clark mwaka 1922 na kwa anayejifunza bado nalipendekeza kuliko mengine, sababu tumbo lake ni bapa kuanzia kama asilimia 30 ya upana kwenda nyuma, kwa hiyo linakaa mezani lenyewe bila kubembelezwa.

MEZA. Meza si lazima iwe levo, lazima iwe bapa, watu wanachanganya sana haya mawili. Unaweka pima maji unafurahi povu liko katikati kumbe ubao una tumbo. Nenda kwa mafundi wa aluminiamu uwaulize kipande cha kioo kilichobaki, mm 6 kwenda juu, kilaze juu ya mlango wa flashi, kazi imeisha. Pini haziingii kwenye kioo, ndiyo, tumia vifuko vidogo vya mchanga mkavu, vinakandamiza vizuri kuliko pini na havitoboi mbao.

MBAO. Mbavu na ngozi ni balsa, ile mbao nyepesi sana. Spa, yani fito ndefu zinazobeba bawa kwa urefu wake, za juu na chini mwambie seremala akuchanie paini ya mm 5 kwa 5, hii ya Sao Hill inafaa kabisa ila nyuzi ziwe zimenyooka na pasiwe na jicho. Ishike mwisho, ilenge kwa jicho moja, ikipinda iache hapohapo usijidanganye utainyoosha na gundi. Spa za kulia na kushoto zitoke ubao mmoja. Halafu mbao ikae chumba utakachofanyia kazi siku kadhaa kabla hujaigusa, hasa masika, huku kwetu Mwanza ziwani hewa ina maji na mbao inayanywa, ukijenga na mbao mbichi itakauka ikiwa ndani ya bawa na itavuta inakotaka yenyewe.

MBAVU. Kiolezo kimoja, kata zote, zipange pamoja, piga msasa pamoja.

MCHORO. Bandika kwenye kioo, funika na nailoni gundi isishike.

KUFUNGA BAWA. Hapa naomba utulivu, sababu mabawa mengi ninayoletewa yameharibikia hapa na mwenyewe anakuwa hajui. Bawa lenye spa na mbavu tu ni laini, ukilishika ncha mbili unalisokota unavyotaka. Chukua boksi la viatu lisilo na mfuniko ulisokote, linasokoteka. Lifunike, piga gamu pande zote, ujaribu tena, limegoma. Bawa ni hivyohivyo: siku unapobandika ngozi ya juu na ya chini sehemu ya mbele, kuanzia pua (ukingo wa mbele wa bawa) mpaka kwenye spa, umefunga boksi, na msokoto wowote uliokuwepo dakika ile umeufungia humo ndani moja kwa moja. Watu wanafanyaje? Wanajenga mezani vizuri, wanabandika ngozi ya juu, wanalinyanyua, wanaligeuza, wanabandika ya chini wakiwa wamelipakata mapajani. Hapo ndipo limeharibika!

Fanya hivi. Anza na ngozi ya chini, ilaze kwenye kioo kwanza, juu yake spa ya chini, mbavu, spa ya juu, vipande vya ukuta kati ya spa mbili (nyuzi zake zisimame wima, zikilala hazina kazi), ukingo wa nyuma, pua, mwisho ngozi ya juu, na muda wote huo bawa halijanyanyuka mezani hata mara moja.

Angalizo la kwanza, Clark Y mbele si bapa, kwa upana wa sm 20 pua inakaa kama mm 7 juu ya meza. Lazima uweke fito ya kuegemeza chini yake, urefu wote, kimo kilekile, ukiweka vipande vya kuokoteza kila kimoja na kimo chake umejitengenezea msokoto mwenyewe. La pili, gundi nyeupe ina maji. Ukiipaka ngozi nzima upande mmoja balsa inavimba upande huo na kujikunja, paka kwenye migongo ya mbavu na spa tu, mstari mwembamba. La tatu, usilitoe juani likauke haraka, upande wa jua utatangulia kukauka na kuvuta. Liache na mifuko yake ya mchanga mpaka kesho yake, mvua zikiwepo ongeza siku.

KUKAGUA. Kata vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kilaze kukatiza upana wa bawa kwenye shina (linapoungana na mwili wa ndege), kingine kwenye ncha, rudi nyuma upande wa ncha, ulenge. Vikiwa sambamba umemaliza. Fanya pande zote mbili.

FILAMU. Hii ni plastiki nyembamba ya kufunika bawa, inakazwa kwa joto. Bandika kingo kwanza, tumbo halafu mgongo, kisha kaza na pasi kidogo chini, kidogo juu, kwa zamu. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho itavuta.

Maswali karibu.

Mdau wa Igoma: Mkuu shukrani kwa somo. Mi yangu inalalia kushoto shida itakuwa nini?

Jibu: Aya ya kwanza.

Mdau wa Buzuruga: Nimejaribu na foamu ya maboksi ya samaki, nimeweka supagluu imekula foamu yote. Ungesema mapema kaka.

Jibu: Somo ni la balsa na nimeandika balsa. Ila kwa faida ya wengine, supagluu ya kawaida inayeyusha ile foamu nyeupe, petroli pia. Tumia epoksi au gundi nyeupe. Na foamu ukiikata na waya wa moto, violezo viwili vya mwisho vikae kwenye meza moja bapa, kimoja kikiinama tu bawa zima limesokoteka.

Dada wa Ukerewe: Samahani kaka, nimesoma mara mbili. Kuna michoro inataka ncha ziinuliwe nyuma makusudi, huo si msokoto uleule unaoukataza?

Jibu: Dada swali zuri sana hili. Ninaoukataza ni ule usiolingana kulia na kushoto. Ule wa makusudi upo pande zote sawa, ukingo wa nyuma unapandishwa kwenye ncha ili ndege ikipungua mwendo shina la bawa liishiwe nguvu kabla ya ncha, kwa hiyo inainamisha pua taratibu badala ya kudondosha bawa moja. Digrii 2 kwa upana wa sm 20 ni mm 7 kwenye ncha. Unaweka kabari ndefu chini ya ukingo wa nyuma, inaanza sifuri shinani, na uiweke kabla hujafunga boksi. Bawa la upana sawa kama hili linaweza kuishi bila hiyo, ila lililochongoka kuelekea ncha usiliache. Ukijenga nitumie picha niione.

Dada wa Ukerewe: Asante sana. Na kama bawa limeshakamilika na limepinda kidogo, halina dawa?

Jibu: Kama msokoto uko nyuma ya spa, kwenye filamu tupu, dawa ipo. Mtu mmoja alisokote kinyume kupita kidogo unapotaka, mwingine apitishe joto juu na chini, mshikilie mpaka lipoe. Kama uko ndani ya boksi lililofungwa joto litakudanganya siku moja tu, ukianika ndege juani unarudi. Hapo chana ngozi ya chini, lirudishe kwenye kioo, funga upya.

Mdau wa Mkuyuni: Bei ya bawa moja?

Jibu: Siuzi.

Mzee wa Nyegezi: Kijana, ndege niliyokuwa narusha Dar hapa inatua kwa kasi zaidi, bawa lilelile na halijapinda. Nini hiki?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Bawa lako halina shida, ni hewa. Ziwa letu Victoria liko kama mita 1,134 juu ya bahari na hewa hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10, kwa hiyo bawa linahitaji mwendo zaidi kama asilimia 5 au 6 kubeba uzito uleule. Punguza uzito, au ongeza urefu wa bawa kidogo.

Mzee wa Nyegezi: Marahaba, nimekuelewa. Na upepo?

Jibu: Ndege mpya ijaribu asubuhi mapema mzee, mchana upepo wa ziwani unaingia na huwezi kujua kilichoilaza ni bawa au upepo. Ikitulia, iongezee mwendo. Ikizidi kulala kadiri unavyoongeza, rudi kwenye vijiti viwili. Ikiwa sawa kwenye kasi ila inadondosha upande mmoja ukipunguza, pima kwanza uzito wa kila upande.

Mdau wa Pasiansi: Mi nakaa jirani na uwanja wa ndege, naweza kurushia hapa mtaani?

Jibu: Hapana. Njoo mbali na njia ya ndege za watu, na kibali waulize TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kabla hujarusha chochote.

Mdau wa Igoma: Mkuu nimepima na vijiti. Kulia kumeshuka kweli. Bawa nilikuwa nalihifadhi juu ya kabati chini ya bati, inaweza kuwa sababu?

Jibu: Inaweza kabisa, joto la bati mchana linakaza filamu upande wa juu peke yake. Sasa umeuliza vizuri. Lisimamishe wima ukutani chumba chenye dari, na Jumamosi lilete tulinyooshe pamoja, mi nitashika pasi.