Kuchora picha ya base64 kwenye kanvasi bila kubaki na boksi tupu

Picha unayo lakini sio faili, ni stringi ndefu isiyoisha inayoanza na `data:image/png;base64,` alafu herufi na namba zimeshonana mpaka unachoka kuskrol. Labda imetoka kwenye seva ndani ya JSON, labda mtu kasaini kwa kidole kwenye simu na we unatakiwa uioneshe ile sahihi. Kazi yenyewe ni mistari michache tu, ila wengi wanakwama kwa jambo lilelile moja, wanaiambia kanvasi (ule ubao wa kuchorea ndani ya ukurasa wa wavuti) ichore wakati ile stringi bado haijawa picha.

Kabla ya kuandika chochote itazame kwanza hiyo stringi, maana ukijua kuisoma shida nyingi utaziona kwa macho tu. Base64 ni njia ya kuandika data kama maandishi, inachukua baiti 3 inazigeuza kuwa herufi 4, ndo maana data inanenepa kwa kama theluthi moja hivi, na inatumia alama 64 tu: A mpaka Z kubwa na ndogo, 0 mpaka 9, + na /, alafu ile = ya kujazia mwishoni. Sasa kwa kuwa kila aina ya picha ina baiti zake za mwanzo ambazo hazibadiliki, na stringi yake nayo huwa inaanza vilevile siku zote. PNG inaanza na `iVBORw0KGgo`, JPEG `/9j/`, GIF `R0lGOD`, WebP `UklGR`. Mi hapo ndo pa kwanza kuangalia picha ikigoma. Na ukikuta inaanza na `PCFET0NU` usihangaike na kanvasi kabisa, hiyo ni `<!DOCT` iliyogeuzwa, yaani seva imekuletea ukurasa wa HTML, mara nyingi ule wa kosa, alafu mtu akaufunga kwenye base64 akidhani ni picha.

Angalia pia ule utangulizi wa `data:image/png;base64,` upo, na upo mara moja tu. Seva zingine zinatuma herufi tupu bila utangulizi, zingine zinatuma nao, na we ukibandika tena wa kwako inakuwa miwili na picha haifunguki.

Haya, tuchore:

```
<canvas id="ubao"></canvas>

<script>
const ubao = document.getElementById("ubao");
const kalamu = ubao.getContext("2d");
const picha = new Image();

picha.onload = () => {
  ubao.width = picha.naturalWidth;
  ubao.height = picha.naturalHeight;
  kalamu.drawImage(picha, 0, 0);
};
picha.onerror = () => console.log("picha haifunguki");

picha.src = stringi;
</script>
```

`stringi` hapo ni hiyo yako ndefu. Zingatia kwamba `drawImage` imekaa ndani ya `onload`. Watu wanasema sasa si data yote iko hapahapa, hamna cha kudownload, kwa nini nisubiri? Data ipo kweli, lakini brauza lazima ifungue base64, ikunjue PNG au JPEG, itoe pikseli, na hiyo kazi inafanyika pembeni wakati mistari yako inaendelea kukimbia. Ukiita `drawImage` mstari unaofuata baada ya `src` mara nyingi haichori kitu na wala haitoi kosa, unabaki unaikodolea macho boksi tupu na konsoli iko kimya. Kibaya zaidi kuna wakati inakubali, pengine kwa sababu brauza ilishaifungua picha ileile mwanzo, kwa hiyo kwako inaonekana na kwa mwenzako haionekani. Usiijaribu bahati, subiri. Na hiyo `onerror` usiiache, bila yake stringi mbovu haisemi kitu.

Kama unapenda async (ule mtindo wa kusubiri kwa `await`) andika `picha.src = stringi; await picha.decode();` alafu chora, ni kitu kilekile na inasomeka vizuri zaidi. Ukiwa na picha kadhaa za kupangana, mfano mandhari chini alafu nembo juu, kila moja ikichorwa ndani ya `onload` yake nembo inaweza kuwahi ikafunikwa na mandhari. Zisubiri zote kwa `Promise.all`, zikishakamilika ndo uchore kwa mpangilio unaoutaka.

Kwenye ukubwa nako kuna mtego. Kanvasi usipoipa vipimo inakuja na 300 kwa 150, na ukiikuza kwa CSS unakuwa umevuta tu zile pikseli 300, picha inatoka na ukungu. Vipimo vya kweli ni `width` na `height` za kanvasi yenyewe, CSS ni nafasi inayokaa kwenye ukurasa. Kuwa makini kwamba ukigusa `width` kanvasi yote inafutika, hata ukiipa namba ileile, kwa hiyo weka vipimo kwanza kisha uchore, sio kinyume chake. Kuibana picha tumia `drawImage(picha, x, y, upana, kimo)`. Kukata kipande inataka namba nane baada ya picha, nne za mwanzo ni sehemu unayoikata na nne za mwisho ni pa kuiweka, na watu wanazigeuza kila siku.

Kuna tatizo moja lilinila muda sana nalisema ili lisikule na wewe. Vialama vidogo (aikoni) vilikuwa vinatokea fresh, picha kubwa zote zinagoma, nikahisi ni ukubwa, nikahangaika na seva bure. Nikaja kuisoma stringi taratibu nikaona katikati kuna nafasi tupu, kitu ambacho base64 haina. Ilikuwa inapitishwa kwenye fomu bila kuenkodi, na kwenye fomu alama ya + inasomwa kama nafasi. Brauza yenyewe inaziruka hizo nafasi bila kusema, herufi zinapungua, baiti zote zinazofuata zinasogea. Vile vidogo vilipona kwa sababu stringi zao fupi hazikuwa na + hata moja. Dawa yake ni `encodeURIComponent` kule inakotumwa. Kama huna uwezo wa kugusa huko, `stringi.replace(/ /g, "+")` kabla ya kuiweka kwenye `src` itakuokoa.

Faida kubwa ya base64 hapa ni kwamba haiichafui kanvasi. Ukichora picha kutoka domeni nyingine bila ruhusa ya CORS (seva yenye picha kukubali itumike kwenye tovuti nyingine), brauza inaifunga kanvasi, na ukiita `toDataURL` (ya kuitoa picha kwenye kanvasi kama stringi) unapata `SecurityError`. Picha ya data URL (hii stringi yetu inayoanza na `data:`) haina shida hiyo, unachora, unaandika juu yake, unaitoa tena.

Ila kwa picha kubwa sana au nyingi mi nashauri usiibebe stringi muda wote, igeuze blobu (baiti zenyewe za faili, sio maandishi):

```
const jibu = await fetch(stringi);
const ramani = await createImageBitmap(await jibu.blob());
kalamu.drawImage(ramani, 0, 0);
ramani.close();
```

Hapa huhitaji `onload` maana `createImageBitmap` inakurudishia picha ikiwa tayari imeshafunguliwa, na ile `close` inaachia memori palepale, jambo ambalo kwenye simu yenye memori ndogo utaliona tofauti yake ukishafika picha ya ishirini.